Maji ya Dar yalipiwe kuanzia Uluguru

Bwawa la Kidunda linajengwa kwa ajili yetu tunaoishi Dar es Salaam na Pwani. Likikamilika litahifadhi mita za ujazo milioni 190 za maji ya Mto Ruvu, ili mvua ya masika itufae hadi kiangazi badala ya kuishia baharini. Naliunga mkono kwa moyo wote. Oktoba 2022, mgao ulipotangazwa, nilikuwa nyumbani Kimara, na najua maana ya kuamka saa tisa usiku kusikiliza kama bomba linatoa maji au linatoa upepo. Lakini kila nikiona picha za ujenzi ule nawaza milima ya Uluguru. Maji yatakayolijaza bwawa yanatoka huko, na udongo utakaolijaza unatoka huko huko.

Mjadala wetu wa maji mjini huanzia kwenye mitambo. Tunao mtambo wa Ruvu Juu pale Mlandizi, uliozinduliwa 1959, na wa Ruvu Chini upande wa Bagamoyo, uliokuja 1976. Baada ya upanuzi, wa kwanza una uwezo wa lita milioni 196 kwa siku na wa pili milioni 270. Jumla ni milioni 466, kwa mkoa ambao sensa ya 2022 iliukuta na watu zaidi ya milioni 5.3. Ulipokuja ukame ule, uzalishaji ulishuka hadi kama lita milioni 300. Mitambo ilikuwa ile ile na mabomba yale yale. Kilichopungua ni mto, na hatuwezi kuupanua kwa zabuni.

Mto unalindwa kule unakoanzia. Upande wa Uluguru unaotazama bahari hupokea mvua nyingi kuliko upande wa nyuma, wa Mgeta. Kileleni kuna msitu wa ukungu, ambao tangu 2008 ni Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Uluguru, takriban hekta 24,000. Chini ya miti hiyo ardhi ina matabaka ya majani yaliyooza na mizizi iliyofungua njia hadi ndani, kwa hiyo mvua inazama, inakaa, halafu inatoka polepole kwenye chemchemi hata Septemba, wakati mawingu yamekwisha zamani. Mteremko ukifyekwa na kuchomwa moto, tone linakuta udongo mtupu uliogandamana. Maji hayazami. Yanateremka yakiwa mekundu, yanafurika Aprili, na Oktoba hakuna kitu. Tope hilo likifika mtamboni linadai dawa nyingi zaidi za kulisafisha, na gharama hiyo iko ndani ya bili zetu ingawa haijaandikwa.

Hifadhi ina mipaka na walinzi. Mabadiliko makubwa ya matumizi ya ardhi yanatokea chini ya mpaka wake, kwenye ardhi ya vijiji, ambako vijito vyote hupita kabla ya kuitwa Mfizigo, Mvuha au Mgeta na hatimaye Ruvu. Huko ndiko kwetu kwa upande wa mama. Ukitoka Morogoro unapita Kiroka na Mkuyuni, kisha unaiacha barabara kubwa na kuanza kupanda kuelekea Kibungo Juu. Sisi Waluguru ardhi tunairithi kupitia ukoo wa mama, kwa hiyo mashamba anayoyasimamia mjomba wangu leo ni yetu sisi watoto wa dada zake.

Mara ya mwisho nilipokwenda nilimkuta akipima shamba kwa fremu A. Ni miti miwili iliyofungwa pamoja kwa juu, mti wa tatu umekingamishwa katikati, na kamba yenye jiwe inaning'inia kutoka kichwani. Anatanguliza mguu mmoja wa fremu, anaangalia kamba, anausogeza kidogo juu au chini. Kamba ikitulia kwenye alama ya katikati, basi miguu yote miwili iko kwenye usawa mmoja, na hapo anapigilia kigingi. Vigingi vikishavuka shamba zima anachimba mfereji kufuata mstari wake, na udongo anautupa upande wa juu. Ndiyo maana makinga maji haya yanaitwa fanya juu. Pembezoni amepanda mananasi, ambayo mizizi yake inashika udongo na matunda yake yanauzika. Mvua ikinyesha, maji yanasimama kwenye mfereji na kuzama, na udongo unabaki shambani. Baada ya misimu kadhaa mteremko unaanza kujitengeneza ngazi wenyewe.

Kipande alichokichimba ni kile cha chini. Cha juu, chenye mteremko mkali zaidi, hakijaguswa. Nikamuuliza kwa nini.

"Mpwa wangu, hiki nimewachimbia nyie," akaniambia. "Kile cha juu nikikichimba, mfereji na tuta vinakula nafasi ya mahindi, na udongo uliotoka chini hauna nguvu mpaka uupe samadi. Nitavuna kidogo mwaka wa kwanza na wa pili. Maji yakizama pale yanakwenda kwenu Kimara. Sasa mwaka huo nile nini?"

Sijasikia hoja ya mipango ya ardhi iliyo wazi kuliko hiyo, na sina jibu la kumpa mtu wa umri wake zaidi ya kukubali kwamba ana haki. Hasara ni yake, faida ni ya mtu mwingine aliye mbali, na kati yao hakuna mkataba. Hapo ndipo mpango unapohitajika.

Jibu letu la kawaida limekuwa katazo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 zinazuia shughuli za kudumu za kibinadamu, au zinazoweza kuharibu chanzo, ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto na vyanzo vya maji. Tambarare, kando ya Ruvu yenyewe, kanuni hiyo inaeleweka: mto ni mmoja, ukingo unaonekana, na mwenye pampu au ng'ombe ana mahali pengine pa kwenda. Milimani hali ni nyingine. Nilisimama kwenye tuta la mjomba nikatazama pande zote. Kijito kimoja kinapita chini ya migomba yake ya mwisho, kingine kiko nyuma ya nyumba ya jirani, na cha tatu kinasikika bondeni. Ukipima mita 60 kila upande wa kila kijito, ziko familia ambazo hazibaki na pa kupanda hata mchicha. Kinachotokea ni kwamba sheria haitekelezwi kabisa, au inatekelezwa siku ya msafara wa viongozi, migomba inakatwa, na baada ya mwezi jembe linarudi usiku.

Uluguru ilikwishajaribiwa kwa amri, na yaliyotokea yanajulikana. Mwaka 1950 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa matumizi ya ardhi uliowalazimisha wakulima kuchimba matuta ya ngazi. Kitaalamu waliona tatizo sahihi: udongo ulikuwa unaondoka. Lakini matuta yale yalifukua udongo wa chini usio na rutuba na kufukia ule wa juu, mazao yakashuka, na kazi ikachukua siku ambazo watu walizihitaji kwenye palizi. Julai 1955 Matombo, upande wetu wa mlima, ilichafuka kwa ghasia na mtu mmoja aliuawa. Mpango ukaachwa. Bibi yangu aliwahi kunionyesha mahali ambapo matuta ya amri yalikuwa. Walipoachiwa huru, watu waliyaharibu kwa majembe yale yale waliyolazimishwa kuyachimbia.

Nenda upande wa Mgeta leo. Matuta ya ngazi yapo, yamepangana mlima mzima, na yanatunzwa na wenye mashamba bila kusimamiwa na mtu. Yamebeba kabichi, karoti na viazi vinavyoshuka kila siku kwenda masoko ya Morogoro na Dar es Salaam. Watu ni Waluguru wale wale. Mgeta mboga inalipa jasho la mchimbaji, na mahindi ya Matombo hayakulipa.

Kwa hiyo swali langu kwa Wizara ya Maji, kwa Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu pale Morogoro na kwa wabunge wa Dar es Salaam ni moja: nani anamlipa mkulima wa Kibungo Juu kwa maji anayotuzamishia? Nadhani tulipe sisi, kwenye bili, na malipo hayo yafungwe kwenye mpango wa matumizi ya ardhi ambao wanakijiji wenyewe wameupitisha.

Si jambo la kufikirika. Kuanzia 2006 mashirika ya CARE na WWF yaliendesha huko huko Kibungo Juu mradi wa malipo kwa huduma za maji. Wakulima walichimba fanya juu na matuta ya ngazi, wakapanda miti na mananasi, wakalipwa kwa eneo walilolihudumia. Mjini, shirika la maji la Dar es Salaam wakati huo, DAWASCO, na kampuni ya Coca-Cola Kwanza zilikubali kuchangia kama wanunuzi. Fremu A ya mjomba ni ya wakati ule. Hiyo peke yake inaniambia kwamba elimu ilibaki. Ambacho hakikubaki ni malipo, kwa sababu yalikuwa ya mradi, na mradi una tarehe ya mwisho. Hayakuwa kifungu cha sheria wala mstari wa kudumu kwenye bajeti ya mtu yeyote.

Jirani zetu wamekwenda mbele zaidi. Nairobi hupata karibu asilimia 95 ya maji yake kutoka bonde la Tana ya Juu, kwenye miteremko yenye mashamba madogo kama ya kwetu. Mwaka 2015 walizindua mfuko wa maji ambao kampuni ya maji ya jiji, kampuni ya umeme ya KenGen na wadau wengine wanauchangia, na fedha zinakwenda kwa wakulima wa juu kwa ajili ya matuta, majani ya kingo na miti. Hesabu iliyofanywa kabla ya kuanza ilionyesha kwamba dola milioni 10 zikiwekwa huko zinaweza kurudisha dola milioni 21.5 katika miaka 30, kwa tope kupungua mabwawani, dawa kupungua mitamboni, umeme kuongezeka na mavuno ya wakulima wenyewe kupanda.

Mimi ni mhasibu, basi nifanye ya kwetu. Lita milioni 466 kwa siku ni uniti 466,000. Tukubali kwamba nyingi zinapotea njiani, na tuhesabu nusu tu, uniti 233,000. Ukiongeza shilingi 10 kwa kila uniti unapata shilingi milioni 2.33 kwa siku, zaidi ya milioni 850 kwa mwaka. Kwa ofisi kubwa fedha hiyo ni ndogo. Kwa kata za milimani, ambako mkulima anasita kuchimba kwa sababu ya mahindi ya misimu miwili, fedha hiyo inageuza uamuzi.

Nitaambiwa wananchi wa Dar wamechoka na tozo. Ni kweli, na mimi nimo. Ila wakati wa mgao ule, mtaani kwetu dumu la lita 20 lilifika shilingi 500. Uniti moja ina madumu 50. Ni shilingi 25,000 kwa maji ambayo hujui yametoka kisima gani, na aliyelipa bei hiyo ni mama lishe na mpangaji wa chumba kimoja, maana wenye uwezo wana matenki na huagiza boza. Shilingi 10 kwa uniti iliyopita kwenye mita ni mzigo mdogo sana kwao kuliko huo.

Hofu iliyo nzito zaidi ni kwamba fedha italiwa njiani. Naielewa, na kwa kazi yangu naijua vizuri. Ndiyo maana nataka akaunti yake iwe peke yake, isichanganywe na mapato ya kawaida ya bodi wala ya halmashauri. Nataka orodha ya malipo ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kijiji: shamba la nani, mita ngapi za makinga maji, kiasi gani, lini. Orodha hiyo hiyo ichapishwe mjini ili mlipaji wa Kimara au Mbagala aione. Mkulima aliyelipwa kwa mfereji ambao haupo ataumbuliwa na jirani yake kabla mkaguzi hajapanda mlima.

Sasa nije kwenye mpango wenyewe, maana malipo bila mpango yanaweza kuleta madhara. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2007 inaipa halmashauri ya kijiji mamlaka ya kuandaa mpango, na mkutano mkuu wa kijiji kuupitisha. Kwenye mkutano huo ndipo inapoweza kuamuliwa kijito kipi kiachiwe mita 60 kamili kwa sababu ni chemchemi mama, kipi kiwe na ukanda mwembamba wa mabingobingo na miti ya matunda, mteremko upi usilimwe mahindi tena bali ndizi, mdalasini na pilipili manga chini ya kivuli. Wanaojua majibu hayo ni wale wanaochota maji hapo, hasa kina mama, ambao wanakumbuka chemchemi ipi ilikauka mwaka gani na nani alifyeka juu yake kabla haijakauka. Uchunguzi wa namna hiyo hauna gharama, na mara nyingi nimeona timu ya wataalamu ikipita pembeni yao na mashine ya kupimia bila kuwauliza chochote.

Ugumu ni kwamba kijito hakiishii kijijini. Kibungo wakihifadhi na Lanzi wakifyeka, tope ni lile lile. Sheria inaruhusu vijiji vinavyotumia rasilimali moja kuwa na mpango wa pamoja, na mfano tunao nchini: wilayani Kiteto, vijiji vya wafugaji vya Lerug, Ngapapa na Olkitikiti viliunganisha malisho yao kwa mpango wa pamoja na kuyaita OLENGAI. Kama imewezekana kwa majani ya ng'ombe, kwenye ardhi yenye ugomvi mkubwa kama ile, itawezekana kwa vijito vya Mfizigo.

Kuna jambo moja ambalo mtu asiye wa huko hawezi kuliona kwenye ramani. Si kila anayelima Uluguru analima ardhi ya ukoo wake. Wengi wamekopeshwa shamba na ukoo mwingine na wanalipa ngoto, yaani ada ya kimila ya kutumia ardhi hiyo. Mtu wa namna hiyo kwa desturi hapandi mti wa kudumu, kwa sababu kupanda mti ni kama kudai ardhi, na wenye ukoo hawatakubali. Mpango ukisema tu kwamba kila mkulima apande miti na atalipwa, utaleta kesi kwenye mabaraza ya ukoo, na fedha zitakwenda kwa mwenye ardhi wakati aliyeshika jembe ni mwingine. Mkataba lazima uwataje wote wawili na kugawa malipo: mwenye jembe alipwe kwa mfereji na nyasi, ukoo ulipwe kwa kukubali mti ukae. Naandika haya kwa sababu niko upande wa wenye ukoo, na najua jinsi ilivyo rahisi kwetu kuchukua chote.

Manispaa ya Morogoro nayo isijiweke kando. Mto Ngerengere unalijaza Bwawa la Mindu, lililojengwa miaka ya 1980 kwa ajili ya mji huo, na kila masika linapokea udongo unaopunguza nafasi ya maji. Wakati huo huo treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar na Morogoro Juni 2024, imeuleta mlima karibu na mifuko ya watu wa Dar. Madalali wa viwanja wananipigia hata mimi kuniuzia sehemu "yenye hewa nzuri na kijito ndani ya uzio". Viwanja vinapanda kuelekea mlimani, barabara za udongo zinakatwa wima kufuata mteremko, na kila barabara ya namna hiyo inageuka korongo baada ya masika mawili. Ukitaka kuona mabadiliko ya matumizi ya ardhi kwa kasi yake halisi, angalia nyumba mpya kuliko shamba la mahindi. Mkulima anaweza kubadilisha zao msimu ujao, nyumba haiondoki. Mipango miji ya manispaa inapaswa kuweka wazi, kabla ya kupima kiwanja kingine upande wa mlima, maeneo ambayo hayatapimwa kamwe, na barabara zifuate usawa wa mlima hata kama zitakuwa ndefu.

Jambo la mwisho ni kalenda. Makinga maji huchimbwa kiangazi, kati ya Agosti na Oktoba, udongo ukiwa mkavu na watu hawako kwenye palizi. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai. Tozo ikikusanywa mwaka mzima uliotangulia, fedha inaweza kuwa kijijini mwezi huo huo wa Julai, na mfereji ukawa tayari kabla ya masika. Ikichelewa hadi Machi au Aprili, kitakachofanyika ni semina, kwa sababu hakuna anayeweza kuchimba kwenye matope, na mteremko wa juu wa mjomba wangu utashuka tena kuelekea Kidunda.